Dogo wa Zirai Bado Hajaiva, na Wanaomnadi Wanalijua Hilo

Kila dirisha la usajili likikaribia, lazima aibuke. Jina linabadilika, kijiji kinabadilika, stori ni ileile. Safari hii mwiteni Dogo wa Zirai. Kijana wa milimani Usambara, beki wa kati, miaka 17 na ushee, miguu mirefu kama mkaratusi, na ana klipu ya sekunde 40 inayozunguka WhatsApp na Instagram. Kwenye klipu anamvaa mshambuliaji, anachomoa mpira safi, anainua kichwa, anapiga pasi ndefu. Chini yake emoji za moto kibao na maneno yaleyale ya kila mwaka: "Huyu yupo tayari, Simba na Yanga mnangoja nini?"

Hayupo tayari.

Tulieni kwanza. Hakuna anayesema dogo hajui mpira. Kipaji anacho, mwili anao, roho anayo. Lakini kipaji na utayari ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya makusudi kuna kitu anauza.

KLIPU YA BEKI INAFICHA KULIKO INAVYOONYESHA

Mshambuliaji ukimkatia klipu, umeonyesha kazi yake. Kafunga, basi, mpira uko wavuni. Beki ni kinyume. Kazi kubwa ya beki ni yale ambayo hayakutokea: krosi iliyoshindwa kumfikia mtu, mkimbiaji aliyeghairi kwa sababu njia ilishazibwa, pasi ambayo mpinzani aliogopa kuipiga. Hayo hayaingii kwenye klipu. Hakuna mtu anayeposti beki aliyesimama mahali sahihi.

Kinachopostiwa ni kuteleza. Na kuteleza, mara nyingi, ni dawa ya kosa lililotangulia. Beki anayeteleza kila dakika tano ni beki aliyechelewa kila dakika tano. Kwenye kombe la mbuzi anaokoka, kwa sababu mpinzani wake ni mwanafunzi mwenzake au fundi wa bodaboda aliyefunga karakana mapema. Ligi Kuu, yule aliyemchelewesha nusu hatua keshageuka, na kipa yuko peke yake.

Halafu ni sekunde 40 za mechi ya dakika 90. Dakika 89 na ushee ziko wapi? Aliyeikata klipu anajua ziko wapi.

MASWALI AMBAYO HAWAYAULIZI

Kama kweli watu wanataka kujua beki kaiva au bado, wamuangalie mechi tano mfululizo, tena bila kuangalia mpira. Wamuangalie yeye tu.

Cha kwanza, shingo yake. Mpira ukiwa upande wa pili, anageuka kutazama nyuma yake nani kaingia? Mabeki wengi wachanga wanaukodolea mpira macho kama watu wanaotazama mwezi. Straika mjanja anapenda sana beki wa hivyo, anajificha mgongoni kwake, anatokea mbele ya goli akiwa peke yake.

Cha pili, kosa lake. Beki yeyote atakosea, hata aliyecheza miaka kumi. Akikosea dakika ya 20, dakika ya 21 anafanya nini? Anaomba mpira tena au anaanza kujificha? Anacheza jukumu lake au anakimbilia mbele kwenda kulipa deni, anaacha shimo jingine? Hapo ndipo utu uzima wa beki unapoonekana, na hakuna klipu inayokuonyesha hapo.

Cha tatu, mpira mguuni. Viwanja vingi vya milimani vina mteremko, vina mawe, na ukipiga mpira nje unaweza kuufuata bondeni nusu saa. Dogo amefundishwa na uwanja wenyewe kubutua, na alikuwa sahihi. Lakini siku hizi timu kubwa inaanza kujenga mpira kwa beki wa kati. Anapewa mpira, watu wawili wanamfuata mbio, ana sekunde moja na nusu ya kuamua. Mguu ule unaobutua unahitaji muda kufundishwa upya.

Cha nne ndicho kinachosahaulika kuliko vyote: sauti. Beki wa kati anaona uwanja mzima, kwa hiyo lazima aongee. Apige kelele. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa Zirai, anayetoa shikamoo kwa kila aliyemzidi miaka mitano, mweke katikati ya kaka zake wa miaka 30 wenye majina na magari. Atamfokea beki wa kulia kwamba "rudi, unalala!"? Hawezi. Atamuomba. Akimaliza kumuomba, bao lishaingia. Adabu ile ni sifa kubwa nyumbani, lakini kujifunza kuiweka pembeni kwa dakika 90 na kuichukua tena filimbi ikilia, hilo peke yake linataka msimu mzima.

Na hapo bado mwili haujaguswa. Kutoka kwenye ubaridi wa milimani kwenda kucheza Mkwakwani saa kumi jioni, joto la Tanga na unyevu wa bahari, dakika ya 70 miguu inakuwa ya mtu mwingine.

WALIOIVA WALIPITIA WAPI?

Watu wakiambiwa hivi wanakuja juu: "Mnawabania vijana wa Kitanzania, mnataka wageni tu." Hapana bana. Mabeki wa kati wa Kitanzania wamethibitisha kuliko wachezaji wa nafasi nyingi. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Katikati ya ukuta ule walikuwa Bakari Mwamnyeto, Dickson Job na Ibrahim Bacca. Wabongo watupu. Kwenye CHAN iliyochezwa Agosti 2025, Taifa Stars ilicheza mechi tano mpaka robo fainali, ikafungwa mabao mawili tu.

Sasa ulizeni wamefikaje.

Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye AFCON ya vijana chini ya miaka 17 kule Gabon, 2017. Fikirini, nahodha wa taifa, kwenye mashindano ya Afrika, na mwili wake si wa kutisha kwa urefu. Kama kuna mtoto aliyestahili kelele za "yupo tayari," ni yeye. Yanga alitua lini? Januari 2021. Zaidi ya miaka mitatu baadaye. Katikati hapo alikuwa Mtibwa Sugar, kule Manungu, mashamba ya miwa pande zote, kamera chache, anacheza, anakosea, anacheza tena.

Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar akiwa mtu mzima, akaingia Yanga Januari 2022. Mwamnyeto ni mtu wa Tanga, tena mfano wa karibu kabisa kwa Dogo wa Zirai: alikuwa nahodha wa Coastal Union kabla ya kuhamia Yanga 2020. Nahodha. Maana yake alishazoea kufokea watu. Hakwenda Jangwani kujifunza kuongea uwanjani, alikwenda akiwa anaongea.

Dirisha hilohilo la 2020, beki mwenzake wa Coastal, Ibrahim Ame, alikwenda Simba. Akakuta Pascal Wawa yupo na Joash Onyango kaletwa kutoka Gor Mahia. Nafasi ikawa finyu. Wagosi wa Kaya walewale, dirisha lilelile, nafasi ileile uwanjani, njia mbili tofauti. Sio suala la nani ana kipaji zaidi. Ni suala la mlango upi uko wazi unapobisha hodi. Kanuni inaporuhusu klabu kusajili wageni 12, klabu kubwa haina haja ya kumsubiri dogo akue. Inanunua aliyekwishakua, dogo anabaki jukwaani na jezi mpya.

"MBONA ULAYA WANACHEZA WADOGO?"

Hoja hii huwa haikosi. Lamine Yamal aliichezea Barcelona akiwa na miaka 15. Sawa, lakini Yamal ni winga. Winga akipoteza mpira mara tisa na mara ya kumi akatoa pasi ya bao, ni shujaa. Beki akiokoa mara tisa na ya kumi akateleza, ndiye anayetajwa siku nzima.

Haya, kuna Pau Cubarsí, huyo ni beki, na aliingia timu ya wakubwa Barcelona akiwa na miaka 16. Kweli kabisa. Ila yumo kwenye shule ya Barcelona tangu 2018, akifundishwa mpira uleule ambao wakubwa wanaucheza. Alipopandishwa alibadilisha chumba tu, nyumba ni ileile. Dogo wa Zirai anabadilishiwa nyumba, lugha ya uwanjani, chakula na joto, vyote kwa wiki moja. Na wakati watu wanamtaja Cubarsí, wamtaje na Virgil van Dijk, aliyepanda ngazi moja moja, Groningen, Celtic, Southampton, akatua Liverpool Januari 2018 akiwa na miaka 26.

NANI ANAKULA?

Hapa ndipo penye mzizi. Wakala anayemnadi dogo anajua yote hayo. Anajua vizuri kuliko mashabiki. Lakini yeye chake kinapatikana siku ya kusaini. Dogo akicheza mechi 30 au asicheze hata moja, wa kusaini keshakula. Mtu wa mtandaoni aliyeposti klipu kapata wafuasi. Klabu imepata picha ya kijana mwenye jezi na kichwa cha habari. Kila mtu kaondoka na chake isipokuwa yule ambaye mguu ni wake.

Mwaka 2024 Watanzania walishuhudia beki kijana wa Coastal Union akitambulishwa na Simba, Coastal ikatoka hadharani kusema hajauzwa, na mgogoro ukafika TFF. Mtoto alisoma hatima yake mitandaoni kama mashabiki wengine. Watu wazima wakiwa wanavutana karatasi, nani alikuwa anahesabu siku za mazoezi?

Na huko Zirai mama yuko shambani, iliki na mdalasini ndivyo vilivyomsomesha mtoto. Akiletewa karatasi na mjuaji mwenye kiatu cha kung'aa, atasema nini? Ataweka dole gumba. Wakati sheria za FIFA ziko wazi: mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa klabu unaozidi miaka mitatu. Mkataba wa wakala na mchezaji hauzidi miaka miwili. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA. Mjomba wa mtaani mwenye simu mbili sio wakala, ni mjomba mwenye simu mbili.

"NAFASI HAIJI MARA MBILI"

Huu ndio mtego wao wa mwisho, na unauma kwa sababu una ukweli ndani yake. Kijana wa mlimani akisema asubiri, anaweza kusubiri mpaka azeeke na jembe. Hakuna anayemwambia abaki Zirai akicheza kombe la diwani. Ashuke. Ashuke hata kesho.

Ila ashukie mahali atakapocheza. Timu ya vijana ya Coastal. Timu ya Championship yenye kocha anayethubutu kupanga mtoto. Au kama klabu kubwa inamtaka kweli, imsaini na palepale imtoe kwa mkopo sehemu ambayo kila wiki anaingia uwanjani. Wakikataa sharti hilo, jibu limeshapatikana: wanataka jina lake lisiende kwa mtani wao, basi. Misimu miwili ya kucheza, kukosea, kufokewa na kufokea, inamfaa kuliko misimu miwili ya kukaa benchi Dar es Salaam akipiga selfi na mastaa.

Beki ni kama iliki ile ya kwao. Ukiichuma mbichi kwa kuwa mnunuzi kaja na gari leo, utauza, lakini utauza kwa bei ya mbichi. Na tofauti na iliki, miguu ya mtu haizai tena msimu ujao.

Kwa hiyo mdau, mara nyingine ukiona klipu ya sekunde 40, kabla hujatupia emoji ya moto, uliza swali moja tu: wiki iliyopita huyu dogo alicheza dakika ngapi, na wiki ijayo atacheza ngapi? Kama aliyeposti hana jibu, huyo hamsaidii dogo, anamuuza.

Wewe unasemaje, Dogo wa Zirai apande basi la Dar au ashukie Tanga kwanza? Tiririka hapo chini, na matusi acha nyumbani.