Punda Anaposimama Njiani
Huku Singida hatuna viwanja vya kuchezesha farasi kwa madaha, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1912, lakini ufundi wenyewe, wa kumtuliza mnyama aliyejaa hofu hadi akubali kuongozwa, unahitajika Ikungi na Iramba kila siku, kwenye njia za visimani na mashamba ya alizeti. Kijana anayemfundisha punda kwa mara ya kwanza hukutana na jambo linalomchanganya: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa mara nyingi husimama. Hapo watu husema ni mkaidi, na fimbo huinuka. Fimbo hiyo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mwache atazame, anuse, asikie sauti yako. Mzoeshe kwanza kamba ya kichwani, kisha matandiko bila mzigo, kisha avute gogo jepesi ili azoee kelele ya kitu kinachomfuata nyuma. Mkokoteni uje mwisho, tena akiwa sambamba na punda mzoefu. Maendeleo utayaona masikioni na shingoni. Masikio yakilegea na kichwa kikishuka, legeza kamba papo hapo, maana kulegeza ndiko kunakomwambia kuwa amepatia. Xenophon wa Ugiriki aliwahimiza wapanda farasi upole wa namna hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Natamani maofisa ugani wetu waufundishe vijijini kabla ya msimu wa kulima, wakati punda bado ana nafasi ya kujifunza polepole.