Nyumbani si Ngome

Ninaandika kuwapinga wenzangu, na wengi wao ni majirani zangu wa hapa Sepuka ambao tunasalimiana kila asubuhi. Wanasema Yanga haikufungwa katika fainali ya mwaka 2023. Wanasema ilidhulumiwa na kanuni. Neno hilo nimelisikia mnadani, nimelisikia kwenye mashine ya kukamulia alizeti, na hata msibani nimelisikia, watu wakiwa bado wanasubiri jeneza. Sikubaliani nalo.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Jumapili ya tarehe 28 Mei, 2023, Yanga iliikaribisha USM Alger ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wageni wakashinda 2-1. Jumamosi iliyofuata, tarehe 3 Juni, Yanga ikashinda 1-0 kule Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kuwa USM Alger walikuwa na mabao mawili ya ugenini na Yanga moja.

Hapo ndipo majirani zangu wanapong'ang'ania. "Mzee, mbili kwa mbili ni sare," aliniambia kijana mmoja. "Mtu anafungwaje kwa sare?"

Kanuni yenyewe hata mimi siipendi. Bao ni bao, liwe limefungwa Algiers au Temeke, na Ulaya waliifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Lakini haikutungwa usiku ule ili kuikomoa Yanga. Ilikuwepo tangu mashindano yalipoanza, na kila kocha aliijua. Atakayelalamikia mizani baada ya kupima mzigo, na alikuwa akiitazama muda wote, tumsaidieje?

Tena nilikuwepo katika banda la video siku ile ya Mei, na nilichokiona ni kingine. Tulikuwa tumefungwa bao moja tangu kipindi cha kwanza. Dakika zikiwa zinayoyoma, Fiston Mayele akasawazisha. Banda zima likasimama. Watu walikumbatiana, viti vikaanguka, mtu akakimbilia nje kupiga filimbi, na wengi wetu tukaipa televisheni mgongo. Dakika chache tu baadaye, shangwe ikiwa bado haijatulia, USM Alger wakafunga la pili. Wapo waliokuwa mle bandani ambao hawakuliona bao lile. Waligeuka wakakuta wageni wanashangilia, wakauliza kuna nini. Kombe lilipotea katika dakika hizo, katika uwanja wetu wenyewe, huku tukicheza ngoma. Kanuni ilikuja tu kuhesabu.

Na si Yanga peke yake. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule Ivory Coast wakatoka 0-0, na nchi nzima ikaamini kazi imekwisha, kwa kuwa mchezo wa marudiano ulikuwa nyumbani. Jumamosi ya tarehe 27 Novemba tulikusanyika hapa kuzunguka redio, mimi na wazee ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki, tukiisikiliza Radio Tanzania. Uwanja wa Taifa, ambao leo unaitwa Uhuru, ulikuwa umefurika, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwepo. Simba ikafungwa 2-0. Watu wa rika langu hadi leo ukiwatajia jina la Boli Zozo wanatazama chini.

Mwaka 2025 Simba ikafika fainali tena, safari hii ikicheza na RS Berkane ya Morocco. Ugenini ilifungwa 2-0, na tarehe 25 Mei ikatoka 1-1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Mara nikasikia kwamba kosa ni kuuhamisha mchezo kutoka kwa Mkapa! Fainali tatu za Afrika, na nyumbani hatukushinda hata moja: 0-2, 1-2, 1-1. Ushindi pekee tulioupata katika michezo hiyo sita ni ule wa Algiers, ambako hatukuwa na ngoma wala filimbi.

Sisemi kwamba uwanja wa nyumbani hauna faida. Mwaka huohuo wa 2025 Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, ikarudisha mabao yote mawili kwa Mkapa na kuwatoa kwa penalti. Lakini kumbukeni pia mwaka 1979. Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa Dar es Salaam, kisha ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Na hiyo Yanga ya USM Alger iliingiaje katika makundi? Ilitoka 0-0 na Club Africain nyumbani, ikaenda kushinda 1-0 Tunis, Novemba 2022. Mambo haya hayapakwi rangi kwenye fulana. Kinachopakwa ni kwamba kwa Mkapa hatoki mtu.

Mtaniambia ni maneno ya mashabiki, yanamdhuru nani? Kijana yule aliyenifundisha hesabu za sare aliuza magunia matatu ya alizeti, ya shamba alilolima na mama yake, akaweka fedha yote kwenye mkeka kwamba Yanga itashinda mchezo wa Mei. Nilipomuuliza alijuaje, alijibu: "Si wanacheza nyumbani?" Mama yake hajui hadi leo yule mnunuzi wa alizeti alilipa kiasi gani.

Septemba 2025 Singida Black Stars, timu ya mkoa wetu, ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Fainali ilichezwa Dar es Salaam, mbali kabisa na Uwanja wa Liti na sisi wote. Nikadhani sasa nimepata ushahidi. Majirani wakanijibu kwamba Dar es Salaam ni nyumbani kwa kila Mtanzania, ndiyo maana tulishinda. Basi na mwaka 1993 ilikuwa nyumbani kwa nani?