Jina la Ugonjwa Halitoshi



Mara nyingi twasikia manung'uniko haya: «Fulani na fulani wana ugonjwa mmoja, mbona huyu amepewa malipo ya ulemavu, na yule amenyimwa?» Wenye ndugu Marekani huletewa neno hilo hilo katika barua. Basi leo tueleze namna sheria ya nchi ile inavyolipima jambo hili.

Rais Eisenhower aliitia sahihi sheria hiyo mwaka 1956, kwa ajili ya wafanyakazi waliokatwa mchango katika mshahara. Kwanza iliwahusu wenye miaka 50 hadi 64 tu. Mwaka 1960 sharti la kutimiza miaka 50 likaondolewa.

Mwenye kuomba hupimwa kwa maswali matano. La kwanza: je, anafanya kazi sasa, na mshahara wake wapita kipimo kilichowekwa? Kama ndivyo, maombi huishia hapo. La pili: je, ugonjwa wake ni mzito, tena wa kudumu miezi 12 au kuleta kifo? Mguu uliovunjika ukapona kwa miezi minne hauhesabiwi. La tatu: je, ugonjwa umo katika orodha ya serikali, pamoja na dalili zake, au walingana nayo? Ukiwemo, amekubaliwa. Usipokuwemo, bado hajakataliwa. La nne: je, aweza kuirudia kazi yake ya zamani? La tano: kama hawezi, je, aweza kazi nyingine, kwa kadiri ya umri, elimu na ujuzi wake?

Tuwaze watu wawili wenye maumivu ya mgongo, wasioweza tena kuinua mzigo mzito. Mmoja ni karani wa miaka 35: atarudi mezani pake. Wa pili ni mpagazi wa miaka 57, asiyesoma sana: mgongo ndio uliokuwa chombo chake cha kazi. Ugonjwa ni mmoja, hukumu yaweza kuwa mbili, wala hakuna upendeleo.

Kwa hiyo haitoshi kuandika: «Nina kisukari.» Mgonjwa aeleze aweza kusimama dakika ngapi, kubeba kilo ngapi, na siku ngapi kila mwezi hushindwa kuondoka kitandani. Mganga naye athibitishe hayo kwa vipimo. Akikataliwa, asikate tamaa: tangu kupokea barua anazo siku 60 za kuomba shauri litazamwe tena. Akinyamaza hata zikapita, aweza kuipoteza haki yake.

Nasi tusio waamuzi tuchunge ulimi. Tukimwona jirani akienda sokoni polepole, tusiseme upesi: «Huyu ni mvivu tu.» Kutembea nusu saa si kufanya kazi saa nane, leo na kesho na kesho kutwa. Wazee walisema kweli: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.