Tusiweke Jembe Chini



Hapa Kinakomba, baada ya ibada na baada ya mikutano, tunaulizwa swali moja: tumesali, tumepiga kura, tumepaza sauti, mbona ahadi hazijatimia? Kuuliza hivyo si kufuru. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Swali hili lastahili jibu la kweli.

Tukumbuke tulikotoka. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya aliupinga utawala wa chama kimoja akiwa mimbarini. Agosti mwaka huo Askofu Alexander Muge alifariki katika ajali ya barabarani, siku chache baada ya kutishwa hadharani na waziri. Hakuiona Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 zaidi ya kura 6 katika kila 10 zilikipinga chama tawala, lakini upinzani uliogawanyika ulishindwa. Mwaka 1997 ukashindwa tena. Toka mahubiri yale hadi chama hicho kuondoka madarakani Desemba 2002 ilipita karibu miaka 13, na hadi Katiba mpya ya Agosti 2010, miaka 20.

Hata hapo majonzi hayakukoma. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema mwaka 2013 damu ya Wapokomo na Waorma ilimwagika katika Tana River, hata ya wanawake na watoto. Katiba njema peke yake haikuizuia mikono iliyoshika mapanga.

Basi tumaini letu lina msingi gani? Wako wanaodhani kwamba kutumaini ni kubashiri kuwa kesho itakuwa njema. Kesho ikiwa mbaya, wao hunyamaza na kurudi nyumbani. Tumaini la Kikristo limeegemea uaminifu wa Mungu, kwa hiyo lina kazi ya kufanya leo, hata kabla ya dalili ya ushindi kuonekana. Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi huku amefungwa, na Yerusalemu umezingirwa na majeshi ya Babeli. Alilipa fedha, akaweka mashahidi, akaagiza hati ihifadhiwe katika chombo cha udongo ili idumu. Hakuwa na hakika ya kulilima yeye mwenyewe.

Jambo hili si geni kando ya mto wetu. Mto Tana hufurika ukachukua mahindi na migomba. Maji yakipungua, mkulima hurudi kupanda katika tope lile lile. Mwaka 1989 mto ulibadili mkondo, mradi wa umwagiliaji wa Hola ukasimama, na watu wakaendelea kulima walivyoweza. Mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annette waliuawa Golbanti, upande wa chini wa mto. Kwa hesabu ya wanadamu kazi ile ilikuwa imekwisha. Lakini Injili haikuondoka Tana, na leo wajukuu wa waumini wa kwanza wanahubiri katika makanisa yetu.

Kwa hiyo, ndugu, uchungu wa kushindwa usitufanye watazamaji. Bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya wananchi, twende tukae mstari wa mbele tuulize zahanati iko wapi. Mgombea akija na noti usiku, tumrudishie. Mkulima aiache wazi malka, njia ya mifugo kufikia maji, na mfugaji aliheshimu shamba la jirani. Kwa maana mageuzi yasiyofika malkani hayajafika Tana River. Waliofiwa tuwatembelee, Mpokomo kwa Mworma na Mworma kwa Mpokomo, kabla hujafika msimu mwingine wa kampeni wenye maneno ya uchochezi.

Huenda baadhi yetu tusiyaone mavuno, kama Askofu Muge asivyoyaona. Hilo halitupunguzii wajibu. Kristo alilazwa kaburini siku ya Ijumaa, na wanawake walioandaa manukato hawakujua habari ya Jumapili. Walikwenda kwa sababu walimpenda. Nasi twende. Maji yamepungua, tope lipo, na mbegu zipo mikononi mwetu.