Simba wa Kitengela Hajali Chapa ya Risasi

Ubaya wa kujifunza mambo ya bunduki kwenye video za Wamarekani ni kwamba mtu huishia kurithi hata ugomvi usiomhusu. Nimewasikia watu wazima, hapa Kitengela, wakibishania kalibu za kujazia risasi nyumbani: huyu chapa ya RCBS, yule Lee, wa tatu anaapa kwamba Hornady haina mpinzani. Kalibu hizo ni vyuma vinavyolikandamiza ganda lililokwisha kufyatuliwa hadi lirudie umbo lake, ili litumike tena. Wabishane wapendavyo. Ninachokipinga ni imani iliyojificha chini ya ubishi huo: kwamba mfugaji wa Kajiado angeruhusiwa bunduki na risasi tele, hata za kujitengenezea, simba wangekoma kuingia bomani.

Imani hiyo ina kwao, na kwao si hapa. RCBS ilianzishwa na Fred Huntington mjini Oroville, California, mwaka 1943. Alitaka risasi nzuri za kuwindia mnyama mdogo mchimba mashimo, wa jamii ya kindi, anayewaudhi wakulima wa magharibi ya Marekani. Jina lenyewe la kampuni limetokana na mnyama huyo. Mkulima wa huko humlenga mharibifu shambani mwake, akarudi kunywa kahawa. Hapa kwetu mambo ni tofauti: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Na chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha mwenye bunduki huandikwa hadi idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo.

Haya, tuseme sheria imelegezwa. Saa nane za usiku mbuzi wanapiga kelele, mvua inanyesha, nawe umetoka usingizini na bunduki mkononi. Unampiga nani? Kitengela ya sensa ya 2019 ilikuwa na watu zaidi ya 150,000, wengi wao kwenye ploti za futi hamsini kwa mia. Risasi ya raifo ikimkosa simba haigeuki kurudi. Inaweza kuruka kilomita nzima na zaidi, na ukuta wa mabati hauizuii.

Kuua kwenyewe tumeshakujaribu. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela, wakiwemo watoto wa simba, baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016 askari wa shirika la wanyamapori, KWS, walimpiga risasi Mohawk, dume mashuhuri wa Mbuga ya Nairobi, kule Isinya, baada ya simba huyo kumjeruhi mtu. Je, mbuzi wetu wamelala salama tangu hapo? Upande wa kusini wa mbuga hauna ua. Nyumbu na pundamilia wakitoka kufuata majani ya mvua katika nyanda za Athi-Kaputiei, simba huwafuata. Ukimwua mmoja, umeacha nafasi wazi kwa mwenzake.

Aliyetusaidia kweli hakuwa na bunduki. Richard Turere, mtoto wa hapahapa, alikuwa akichunga ng'ombe wa babake kando ya mbuga. Alijaribu moto, haukufaa kitu. Akasimamisha sanamu la mtu. Usiku wa kwanza simba waliliogopa, wa pili wakalizoea. Kisha akang'amua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, kwa kuwa huuchukulia kuwa ni mtu mwenye tochi. Akiwa na miaka 11 akaunganisha betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, zikawa zinamulika kwa zamu kuzunguka boma. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko California kuueleza ulimwengu. Wapenda risasi wetu wa Kitengela, sijui walikuwa wakitazama video gani wiki hiyo.

Najua jibu lao: taa si muujiza. Kweli. Utafiti wa Francis Lesilau na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba maboma yenye taa yalishambuliwa mara chache zaidi usiku, lakini mashambulizi ya mchana yaliongezeka. Basi mchana panahitajika mchungaji mtu mzima, si mtoto wa darasa la tatu aliyeachiwa mbuzi mia. Panahitajika pia fidia inayofika. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na bei ya soko kwa mifugo. Ahadi iko kwenye karatasi, na wafugaji wanachoka kusubiri. Hasira hiyo ndiyo inayomfanya mtu aote bunduki, na sitamlaumu kwa hasira yake.

Lakini msimu wa kura ukifika, atakayekuja kutuahidi vibali vya silaha kwa wafugaji aulizwe kwanza: kwenye bajeti ya Kajiado, umetenga shilingi ngapi za taa za maboma? Kama hana jibu, tusimpe kura.