Aliyegongwa na Motokaa Ajue Haki Yake

Njia ya Malindi kwenda Marafa hupitwa na waendao kwa miguu: mama aendaye sokoni, mtoto wa shule, mzee arudiye shambani. Hupitwa pia na motokaa za wageni waendao kutazama bonde la Nyari. Panapotokea ajali, mara nyingi aliyegongwa hupewa fedha kidogo za dawa, akaambiwa atie dole gumba katika karatasi. Mguu ukikataa kupona, ndipo atambuapo kuwa karatasi ile yasema amekwisha kulipwa fidia yote.

Kupatana mbele ya wazee si kosa. Lakini karatasi isitiwe dole kabla ya kusomwa na wakili.

Sheria ya Kenya yataka kila motokaa iwapo barabarani iwe na bima kwa ajili ya watu wengine itakaowadhuru. Kampuni ya bima yaweza kudaiwa hata shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo umaskini wa dereva si mwisho wa haki.

Basi yafaa kwanza kuandika nambari ya motokaa na majina ya walioshuhudia. Pili, habari ipelekwe polisi, ipatikane hati ya ajali pamoja na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Tatu, vyeti vya hospitali na stakabadhi za fedha zilizotumika vihifadhiwe vyote. Nne, atafutwe wakili, na malipo yake yajulikane mapema. Asiyejiweza aweza kuomba msaada wa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Mahakama itauliza pia jinsi mwenda kwa miguu alivyotembea. Akionekana kuwa naye alizembea, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake.

Jambo lililowapotezea wengi haki ni kukawia. Kesi ya majeraha haina budi kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Na kama motokaa ni ya Serikali, muda ni miezi 12 tu. Ahadi za mwenye motokaa hazizuii siku hizo kuhesabiwa. Malindi kuna mahakama, wala si mbali na Marafa. Wahenga walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.