NYUMBA NA PAMBO LAKE: Shaba ya Ukutani na Shaba ya Kiti cha Mzee

Miongoni mwa mambo yanayowapendeza wajenzi wa nyumba mpya siku hizi ni vigae vya shaba nyekundu, hasa vile vyenye sura ya ukale, vinavyobandikwa ukutani nyuma ya jiko au juu ya meza ya kulia. Huko Ulaya na Marekani mabati ya shaba yaliyovuliwa kwenye mapaa ya majengo makuukuu hukatwa vipande, yakasafishwa, yakapigwa nakshi, kisha yakauzwa kwa bei kubwa. Picha zake huonekana katika simu ya kila kijana, na barabara ya lami itokayo Kibwezi, ikavuka mto Athi na kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui, huleta bidhaa za kila namna. Haitakuwa ajabu, basi, mwenye nyumba wa Ikutha akiuliza bei ya vigae hivyo.

Rangi ya shaba hakika ni nzuri. Inapokuwa mpya hung'aa kama kaa la moto. Ikikaa ndani ya nyumba hugeuka polepole ikawa ya kahawia. Na ikipigwa na mvua kwa miaka mingi hufanya kutu ya kijani. Sanamu kubwa ya Uhuru iliyo bandarini New York, ambayo ilizinduliwa mwaka 1886, imevikwa shaba nyekundu tupu, nayo ilikuwa kahawia kwanza kabla ya kuwa kijani kama ionekanavyo leo. Kutu ya shaba si kama kutu ya chuma. Kutu ya chuma hula na kumaliza, lakini ile ya shaba hufanya ngozi ya kuikinga shaba iliyo chini yake. Ndiyo sababu shaba huishi muda mrefu kuliko aliyeinunua.

Lakini msomaji anayefikiria kutoa fedha zake kwa ajili ya vigae yampasa kujua mambo machache. La kwanza, vingi vinavyouzwa kwa jina la shaba ya kale si shaba wala si vya kale: ni bati la chuma lililopakwa rangi au kuvikwa shaba nyembamba sana. Aende dukani na kipande cha sumaku. Sumaku haivuti shaba. Ikishika kigae, basi ndani yake mna chuma. Akwaruze pia upande wa nyuma kwa ncha ya msumari aone kama wekundu unaendelea chini.

La pili ni misumari. Fundi asiyejua hupigilia kigae cha shaba kwa msumari wa chuma, naye hudhani amemaliza kazi. Shaba na chuma vikigusana mahali penye unyevu, kama ukuta wa jikoni, chuma huoza upesi kuliko kama kingekuwa peke yake, na baada ya muda kigae huanguka. Misumari iwe ya shaba, nyekundu au ya manjano.

La tatu lawahusu hasa wafugaji. Mvuke utokao katika mkojo wa wanyama, uitwao amonia, ni adui wa shaba, na zaidi wa shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza kule Uhindi lilishangaa kuona maganda ya risasi, yaliyotengenezwa kwa shaba ya manjano na kuwekwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika, yakipasuka yenyewe bila kuguswa. Watu walikisia hili na lile, na sababu haikuelezwa vema mpaka mwaka 1921. Kwa hiyo mwenye zizi la mbuzi nyuma ya ukuta wa jiko lake asishangae shaba yake ikibadilika rangi au kupasuka.

Hayo yatosha kuhusu vigae. Lakini kuna jambo jingine ambalo muuza vigae hatalitaja, nalo ni kwamba mtu wa Ikutha anayeuliza bei ya shaba ya kale huenda anayo tayari, imelala ghalani kwa mama yake chini ya magunia ya mtama.

Wakamba walikuwa hodari wa kupamba kwa shaba kabla ya nyumba ya kwanza ya matofali kujengwa katika nchi yao. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa, na walirudi na nguo, ushanga, na waya wa shaba: ule mnene ambao watu wa pwani waliuita masango, na mwembamba walioutia jina la udodi. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa wakati ule, aliikuta biashara hiyo imekwisha kukomaa. Waya haukutumiwa jinsi ulivyokuja. Mafundi waliuvuta kwa nguvu katika matundu ya kipande cha chuma, tundu moja likiwa dogo kuliko lililotangulia, hata ukawa mwembamba kama uzi. Kwa uzi huo walisokota mikufu midogo midogo ambayo sifa yake ilivuka mipaka ya Ukambani. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa kati ya Wakamba mnamo 1911 na 1912, aliandika habari za mafundi hao katika kitabu chake kilichochapwa Uppsala mwaka 1920.

Kazi iliyo bora kupita zote ilikuwa kiti cha mzee. Ni kiti kidogo cha duara chenye miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja bila kiungo wala gundi, na uso wake umebonyea kidogo ili kumpokea mwenye kuketi. Juu ya uso huo fundi alichora duara ndani ya duara, na pembetatu na mistari iliyotawanyika kama miali ya jua. Kisha akapigilia uzi wa shaba ndani ya mti, kidogo kidogo, mpaka ukalingana na uso wa mti wenyewe. Ukipitisha kidole juu yake ni laini kabisa. Si kila mtu aliyekuwa na kiti cha namna hiyo. Kijana hakuwa nacho. Mzee ndiye aliyekichukua alipokwenda katika nzama, yaani baraza la wazee, akakiweka chini na kuketi juu yake kuamua mambo ya watu. Kwa miaka mingi makalio ya mzee na mafuta ya ngozi yake yalikipaka rangi ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuiiga. Wanaotengeneza vigae "vya kale" hutumia dawa kali kuifanya shaba mpya izeeke kwa saa chache. Kiti cha mzee kilizeeka kwa kuketiwa.

Viti hivi sasa huonekana zaidi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani kuliko katika nyumba za Ukambani. Vingine vilichukuliwa zamani za ukoloni. Vingine viliuzwa na wenyewe. Biashara ya vinyago iliyoanzishwa Wamunyu na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwapa Wakamba wengi riziki ya halali, maana kinyago hutengenezwa ili kiuzwe, na kikiuzwa kingine huchongwa. Lakini wanunuzi waliokuja kutafuta vinyago waliona na viti vya wazee, na kiti kikiondoka hakichongwi kingine chenye nzama ndani yake.

Chukua mfano wa mwalimu anayemalizia nyumba yake karibu na soko la Ikutha. Amekopa fedha kwa saruji na madirisha, na mkewe ametamani ukuta wa shaba jikoni. Siku moja gari lasimama barabarani; mtu mwenye adabu ashuka, aomba maji ya kunywa, na macho yake yaangukia kiti cha marehemu babu ambacho kuku hulalia. Atoa noti kadhaa. Kwa mwalimu fedha hizo ni nyingi, kwa kuwa kiti hicho hakikuwa na kazi. Atanunua vigae kwa fedha hizo, naye atafurahi. Mnunuzi naye atafurahi zaidi, maana anajua kwamba shaba iliyo ukutani kwa mwalimu yaweza kuagizwa tena kesho, na iliyo garini mwake haiwezi.

Haifai kumlaumu mwalimu huyo kwa ukali. Watoto hawalipiwi karo kwa viti vya babu. Lakini anayeuza sharti ajue anauza nini, na sheria inasema nini. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Kiti cha babu wa babu chaweza kuingia katika hesabu hiyo. Mnunuzi mwenye haraka, asiyetaka kuandika risiti wala kutaja jina lake, kwa kawaida analijua jambo hilo vizuri.

Kuna hasara mbaya kuliko hiyo, nayo ni ya kuing'oa shaba na kuiuza kwa uzani. Bei ya shaba chakavu imewatia watu tamaa mpaka nyaya za umeme hukatwa usiku. Mwezi wa Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, Serikali iliisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Aking'oa nyuzi zote za kiti kimoja, mtu hatajaza kiganja chake, na hatapata hata nauli ya kumfikisha Kibwezi na kurudi. Kazi ya fundi ya siku nyingi huharibiwa kwa koleo katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Basi mwenye kiti au mikufu ya kale ataviwekaje nyumbani vikawa pambo? Hapa yafaa kutazama pwani ambako waya ule ulitoka. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na ndani yake zikaachwa zidaka, yaani vishubaka vya lipu, vya kuwekea vyombo vizuri. Watu wa Lamu hawakufunika ukuta mzima kwa kitu cha thamani. Walijua kwamba jicho likipewa vitu mia halitazami hata kimoja, bali ukuta mweupe wenye chombo kimoja hufanya hata mgeni mwenye haraka asimame. Anayejenga Ikutha leo aweza kumwambia fundi wake aache kidaka katika ukuta wa sebule kabla ya lipu kupigwa. Ni matofali machache tu yasiyowekwa, wala gharama haiongezeki. Na kama mke wa nyumba angali anatamani vigae jikoni, safu moja ya vigae vya kweli nyuma ya jiko yapendeza kuliko ukuta mzima wa vile vya kupakwa rangi.

Kusafisha ni jambo la hadhari. Vigae, sinia na birika za shaba husafishwa vema kwa ukwaju, ambao Kitui haukosekani, na Wakamba huuita mti wake kithumula. Ukwaju ulolowekwa husuguliwa juu ya shaba, uchungu wake ukaondoa weusi, kisha chombo hukoshwa kwa maji na kukaushwa mara moja. Lakini kiti kisiguswe kabisa kwa ukwaju, wala ndimu, wala majivu yenye maji. Maji hayo huingia katika mti kando ya nyuzi, mti ukavimba na kunyauka, na nyuzi zikachomoka. Kitambaa kikavu chatosha. Kisipakwe vanishi pia. Wakati wa kiangazi kirefu mti hukauka na uzi huweza kuinua kichwa. Usipigwe nyundo, bali ukandamizwe taratibu kwa kijiti laini, na kama haukubali uachwe.

Adui mkubwa wa Ikutha ni mchwa, ambao hawajui tofauti ya kiti cha mzee na ufito wa boma. Kiti kisiwekwe juu ya sakafu ya udongo, wala kisigusane na ukuta wa udongo, na kila mwezi kigeuzwe miguu ikaguliwe. Chini yake, mahali pasipoonekana, isiandikwe namba kwa rangi kama wafanyavyo wengine. Afadhali kuchukua karatasi na kuandika jina la mzee aliyekiketia, ukoo wake, kijiji chake, na jina la fundi kama lipo anayelikumbuka, kisha karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati ya shamba. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanazidi kupungua, kwa hiyo waulizwe kabla ya lipu kukauka. Kidaka chenyewe kiwe na upana wa dhiraa moja, kisielekee mlango wa barabarani, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya wapita njia wanaoomba maji.